Baba wa avoka yako ni nani? Somo juu ya maua, wadudu na ADN



Tangu miche ya avoka ya kugrefe ianze kugawiwa mu vijiji, swali moja linaturudilia kila fasi tunapopita: "Sasa tumepata Hass, tukate avoka zetu za zamani?" Wengine hawakungoja jibu. Mu kijiji kimoja cha milimani tulikuta mzee amekwisha kuangusha miti sita iliyopandwa na marehemu baba yake. Mbao alifanya makaa, na pale kwenye miti sita akapanda Hass. Jirani alikuwa amemwambia kwamba avoka ya kienyeji ikisimama karibu "itaharibu damu" ya Hass, na matunda yatakuwa ya maji, yenye nyuzinyuzi, mnunuzi atayakataa. Hatukumlaumu mzee. Mtu anayeelezwa hivyo, na anayetaka kuuza vizuri, atashika shoka.

Lakini maneno yale ya jirani si kweli, na kuna njia ya kuonyesha kwamba si kweli. Njia hiyo ni ya laboratware, inaitwa kusoma ADN, na inasaidia kujua wadudu wamebeba unga wa maua kutoka mti gani kwenda mti gani. Tutaieleza polepole. Anayesoma gazeti hili mbele ya wengine asiogope kusimama na kurudia, juu kuna sehemu moja ya hesabu kidogo.

Ua linalofunguka mara mbili

Tuanze na ua lenyewe, maana bila hilo mengine hayatasikilika.

Ua la avoka ni dogo, rangi ya kijani kuelekea manjano, na mti mmoja mkubwa unaweza kutoa hata milioni moja. Mengi sana yanaanguka bila kutoa kitu. Kila ua lina sehemu ya kike na sehemu ya kiume pamoja, lakini hazifanye kazi saa moja. Siku ya kwanza ua linafunguka likiwa jike: utaona kijiti kimoja katikati, cheupe kwenye ncha, na vijiti vingine vimelala pembeni. Linajifunga. Siku ya pili linafunguka tena likiwa dume: vijiti tisa vimesimama na vinatoa unga wa manjano, ule ambao vitabu vinauita chavua. Kiisha linajifunga kabisa.

Saa za kufunguka zinagawanya avoka zote mu makundi mawili. Kundi A ni jike asubuhi, na kesho yake ni dume mchana. Kundi B ni jike mchana, na kesho yake ni dume asubuhi. Kwa hiyo ukisimama shambani saa tatu asubuhi, mti wa A uko na maua ya kike wazi, na mti wa B uko na unga tayari. Mchana wanageuziana. Mtaalamu wa mimea wa Marekani, A. B. Stout, aliandika jambo hili mwaka wa 1923 baada ya kuchunguza miti ya California, na mpaka leo maelezo yake njo tunayofundisha.

Hass ni ya kundi A. Fuerte ni ya kundi B, pia Ettinger, Bacon na Zutano. Na avoka zetu za kienyeji? Zile zimetoka kwenye mbegu, kila mti ni mtu wake. Mu kijiji kimoja utapata A na B zimechanganyika bila mtu kuzipanga. Mzee yule alipoangusha miti sita, hakujua kama ameangusha A ao B. Hata siye hatukuweza kumwambia, juu ua halikuwapo tena la kuangalia.

Unga wa avoka unanata. Upepo haufanyi kazi kubwa hapo. Wanaoubeba ni wadudu: nyuki wa asali, nyuki wadogo wasiouma, nzi wa maua (wale wenye mistari kama nyuki lakini hawana mwiba), nyigu. Kule Mexico, fasi avoka ilikotoka, nyuki wadogo wasiouma ni kati ya wageni wa zamani wa ua hili. Nyuki wa asali ameingia baadaye pamoja na wazungu, na kusema kweli yeye si mpenzi mkubwa wa avoka: akiona michungwa imechanua karibu, anaiacha avoka na kwenda kule.

Mbegu inasema, ngozi haisemi

Sasa fika kwenye swali. Umeona nyuki kwenye ua la Hass. Sawa. Lakini ametoka wapi? Labda ametoka kwenye tawi lile lile, labda kwenye Fuerte ya jirani, labda kwenye mti wa zamani nyuma ya jikoni. Huwezi kumfuata. Hata ukimfuata, huwezi kujua ni unga upi ulioingia na kufanya tunda. Njo hapa ADN inasaidia.

ADN ni ile maandishi ya urithi iliyo ndani ya kila chembe ya kitu chenye uhai. Mtoto anapokea nusu kwa mama, nusu kwa baba. Mu tunda la avoka, angalieni vizuri hili: ngozi na nyama ni mwili wa mama mtupu. Ni mti unaolibeba uliozifanya. Mbegu pekee njo mtoto wa wawili. Kwa hiyo tunda la Hass lililopata unga kutoka avoka ya kienyeji yenye nyuzinyuzi lina ngozi ya Hass na nyama ya Hass. Mnunuzi hatakuta nyuzinyuzi hata moja iliyotoka kwa baba. "Damu" ya baba iko ndani ya mbegu, na mbegu mnunuzi anaitupa.

Hii pia njo sababu mbegu ya Hass ukiipanda haitoi Hass. Unapanda mtoto, na mtoto hafanani na mama kabisa. Ukitaka Hass unagrefe, yaani unachukua kipande cha mwili wa mama wenyewe. Na kutoka hapo tunajifunza jambo jingine ambalo linashangaza watu mu mafunzo: miti mia moja ya Hass ya kugrefe, kwa upande wa ADN, ni mti mmoja. Yote ni kipande cha mti uleule ambao mtu wa posta wa California, Rudolph Hass, alioutoa kwenye mbegu na kuuandikisha mwaka wa 1935. Unga ukitoka Hass hii kwenda Hass ile, ni kama umebaki nyumbani.

Basi watafiti wanafanya hivi. Wanachukua majani ya kila mti unaoweza kuwa baba: Hass yenyewe, Fuerte, miti ya kienyeji inayozunguka shamba. Wanachukua mbegu za matunda. Mu laboratware wanatoa ADN, na mashine inazidisha vipande vidogo vilivyochaguliwa mpaka vipimike. Kila kipande kina urefu wake, na kila mti unabeba urefu wa aina mbili kwa kila kipande, mmoja kutoka kwa mama yake na mmoja kwa baba yake.

Tufanye mfano, namba ni za kufundishia tu. Fasi moja ya ADN, Hass iko na 12 na 16. Mti wa nyuma ya jikoni uko na 18 na 20. Fuerte ya jirani iko na 14 na 16. Mnapima mbegu moja ya Hass, mnakuta 12 na 20. Namba 12 imetoka kwa mama. Nani ana 20? Mti wa jikoni peke yake. Baba amejulikana.

Mbegu ya pili mnakuta 12 na 12. Hapo mama ametoa 12, na baba pia alikuwa na 12. Ni Hass tu iliyo nayo, kwa hiyo tunda hili limejichavusha lenyewe, Hass kwa Hass. Mbegu ya tatu ina 12 na 16. Hapa simameni kwanza. Inaweza kuwa Hass na Hass. Inaweza pia kuwa mama alitoa 12 na Fuerte akatoa 16. Hamwezi kujua! Kwa hiyo hawapimi fasi moja, wanapima nyingi, mpaka wababa wote wanaosingiziwa waondoke na abaki mmoja. Mama mmoja mu mafunzo alisema hii ni kama kesi mbele ya chifu, ushahidi mmoja hautoshi. Tumechukua mfano wake na tunautumia kila mara.

Baba akishajulikana, unapima kwa hatua umbali kutoka mti wake mpaka kwenye tunda. Umbali ule njo kazi ambayo mdudu alifanya. Hukumfuata, hukumwekea rangi, lakini unajua unga ulitoka wapi ukafika wapi.

Kilichoonekana kwa wengine

Kabla ADN haijawa rahisi kusomwa, watafiti walitumia protini kufanya kazi hiyo hiyo. Mu Israel, mu miaka ya 1980, Degani, Gazit na wenzao walipima matunda madogo ya avoka, kiisha wakapima yale yaliyobaki mtini baadaye. Mnajua avoka inavyoangusha: majuma ya kwanza chini ya mti panajaa vitunda kama njegere. Walichokuta ni kwamba mti hauangushe ovyo. Vitunda vilivyojichavusha vilianguka zaidi, na vile vyenye baba wa aina nyingine vilibaki kwa wingi zaidi. Ettinger alionekana kuwa baba mwenye nguvu. Tunda lenye baba wa mbali lilishika tawi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema: pandeni B, mtavuna mara mbili. Lakini hatutaki kuwadanganya. Mwaka wa 2008 watafiti wa California walichapisha kazi iliyofanywa kwa alama za ADN kwenye Hass, na hawakukuta kwamba mti wenye matunda mengi ya baba wa nje unazaa zaidi kuliko mwingine. Hass peke yake inaweza kuzaa. Saa za jike na dume zinagusana kidogo, hasa hali ya hewa ikibadilika, na nyuki anapata nafasi ya kutoka ua dume kwenda ua jike ndani ya mti uleule.

Siye tunasoma habari hizi mbili hivi: baba wa nje anasaidia pale ambapo uchavushaji njo kitu kinachokosekana. Kama mti wako umekosa chakula, ao umekauka, ao umechoka juu mwaka jana ulizaa sana, baba hata akiwa mzuri namna gani hatakuongezea kitu. Lakini kama mti una afya, unachanua kama mavuno ni ya gari zima, kiisha hautoi kitu, hapo tuulize habari ya baba na ya wadudu.

Na wadudu wenyewe wanaweza kuwa ndio wanaokosekana. Kenya, mu Murang'a, kwa wakulima wadogo kama siye, watafiti wa icipe walipeleka mizinga ya nyuki kwenye mashamba ya avoka, na mwaka wa 2021 walichapisha kwamba upungufu wa uchavushaji ulipungua. Maana yake ulikuwapo. Murang'a ni milima yenye mashamba madogo kando kando, haiko mbali sana na sura ya kwetu.

Kuna chombo kingine cha ADN ambacho tutapita juu yake haraka. Unamkamata nyuki, unaosha unga ulioko mwilini mwake, unasoma ADN ya unga ule, na unajua ametembelea mimea gani: avoka, maharagwe, mikaratusi, majani ya pori. Ni chombo kizuri cha kujua wadudu wanakula nini wakati avoka haijachanua, na kwa hiyo ni majani gani ya kando ya shamba usiyapige dawa. Lakini kina mipaka. Hakisemi vizuri ni unga kiasi gani. Na kwa njia ya kawaida hakitenganishi Hass na avoka ya kienyeji, vyote kwake ni "avoka". Kwa kujua baba unarudi kwenye mbegu.

Tena jambo la kumchekesha mzee wetu, kama atasomewa gazeti hili. Hass yenyewe, ile ambayo anaogopa damu yake iharibiwe, ilitoka kwenye mbegu ambayo baba yake hajulikani. Mwaka wa 2019 ADN yake yote ilisomwa, ikaonekana ni mchanganyiko: karibu asilimia 61 ni ya avoka za Mexico na 39 ya Guatemala. Mdudu fulani alivuka kutoka mti mmoja kwenda mwingine, na leo watu wanauza tunda lile dunia nzima.

Kazi ya nyuzi mbili

Koperative haina laboratware, na haihitaji kuingoja. Kujua kama mti ni A ao B ni kazi ya macho na nyuzi mbili za rangi.

Wakati mti umeanza kuchanua vizuri, chagueni matawi matatu, moja upande wa jua la asubuhi. Saa tatu asubuhi tafuteni maua yaliyo wazi. Kama yana kijiti kimoja katikati na vingine vimelala, ni jike: funga uzi mwekundu. Kama vijiti vimesimama na ukigusa unabaki na unga wa manjano kwenye kidole, ni dume: funga uzi mweupe. Rudieni saa tisa mchana. Mti wenye jike asubuhi na dume mchana ni A. Mti wenye dume asubuhi na jike mchana ni B. Fanyeni siku nne ao tano, si moja. Baridi na mawingu vinachelewesha saa, na kwetu milimani asubuhi yenye ukungu inaweza kusukuma maua ya kike mpaka mchana. Mti unaokuchanganya siku ya kwanza utaeleweka siku ya tatu jua likitoka.

Mkiwa pale, hesabuni wadudu pia. Dakika kumi kwenye tawi moja, asubuhi na mchana. Msiandike "nyuki" tu. Andikeni nyuki wa asali, nyuki mdogo mweusi, nzi wa mistari, nyigu, kila mmoja kando. Watoto wa shule wanafanya kazi hii kuliko siye, macho yao ni mazuri na hawachoki kubishana.

Dawa ya wadudu msipige wakati maua yako wazi. Tunajua kuna wenye nyanya ao maharagwe chini ya avoka, na kiwavi hangoji. Kama hakuna namna, fanyeni jioni nyuki wamerudi, na msielekeze pompi juu kwenye maua. Mkulima mmoja alituambia, "Mimi ninapiga nyanya, sipigi avoka." Upepo haujui tofauti ile.

Kiisha njo mnaamua juu ya shoka. Kama mna Hass nyingi, ambayo ni A, na mu miti ya zamani mnakuta B yenye afya inayochanua wakati mmoja na Hass, ule mti muuache hata kama matunda yake ni ya kulisha watoto tu. Ukikuta A, unaweza kuukata ukitaka nafasi, hautakosa baba kwa sababu yake, ingawa kivuli na tunda la nyumbani nalo ni kitu. Washauri wengi wanataka mti mmoja wa B kwa kila minane ao tisa ya Hass. Msiweke wote pembeni ya shamba, juu mdudu akishiba karibu haendi mbali.

Aliyekwisha kukata, kama mzee wetu, bado ana njia. Achukue vijiti vya kugrefe kwenye mti B wa jirani, agrefe tawi moja juu ya Hass moja kati ya kila nane ao tisa. Tawi lile litachanua kwa saa zake za B ndani ya mti wa A, na nyuki hana haja hata ya kuruka mbali. Lipigeni rangi ya chokaa kwenye shina lake, kusudi mwenye kupogoa asilikate akidhani ni tawi la pori.

Karatasi ya kuandikia iko mu gazeti hili, ukurasa wa mwisho. Mti mmoja, mstari mmoja: jina la mwenye shamba, mti wa mbegu ao wa kugrefe, A ao B, tarehe ya kuanza kuchanua, hesabu ya wadudu. Zileteni kwa agronomu wa koperative yenu maua yakimalizika. Mti ambao haukueleweka, andikeni "haujulikani" na msijaze kwa kukisia. Msimu ujao tutaurudia pamoja.